Nyimbo Zilizosafiri kwa Miguu

Mwezi huu tumekusudia kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo huleta manung'uniko makubwa katika sharika zetu, yaani nyimbo za wageni.

Watu wa nchi yetu hawakai tena mahali pamoja. Kijana wa milimani hushuka pwani kutafuta kazi, mwalimu wa pande za ziwa hupelekwa kusini, mkulima huhama na jamaa yake akifuata ardhi. Kila aendaye huchukua mzigo wake, na ndani ya mzigo huo mna kitu kisicho na uzito wala hakilipiwi nauli, nacho ni zile nyimbo alizofundishwa na mama yake na mwalimu wake. Akifika ugenini huingia kanisani siku ya Jumapili, na baada ya miezi michache, akiwapata wenzake wawili watatu waliotoka kwao, huomba nafasi ya kuimba. Hapo ndipo maneno huanza. Wengine hufurahi. Wengine husema, "Hizi si nyimbo zetu." Tumesikia habari za sharika ambamo wageni walinyimwa nafasi hiyo mara nyingi, hata wakachoka, wakaondoka kimya kimya wakaenda kusali mahali pengine. Usharika uliobaki uliendelea na nyimbo zake, tena kwa amani kabisa. Lakini viti vilivyoachwa vitupu vilikuwa vya watu, si vya tuni.

Basi tuulize: tukisema "nyimbo zetu", twasema nini? Zilitoka wapi? Ni nani aliyezileta, naye alipita njia gani?

Tuanze na Maandiko. Fungueni kitabu cha Zaburi, mtaona zaburi 15 zinazofuatana, tangu ya 120 mpaka ya 134, na juu ya kila moja imeandikwa kwamba ni wimbo wa kupanda. Wenye elimu wengi huzieleza kuwa ni nyimbo za wasafiri waliokwea kwenda Yerusalemu kwa sikukuu, kwa maana torati iliwaagiza wanaume wa Israeli waonekane mbele za Bwana mara tatu kila mwaka (Kumb. 16:16). Wala neno hili "kupanda" si mfano tu. Mji wa Yeriko uko chini ya usawa wa bahari kwa mita 250 hivi, na Yerusalemu uko juu ya usawa huo kwa mita zaidi ya 700. Aliyetoka Yeriko alfajiri alikuwa na mlima mbele yake mchana kutwa, katika njia ile ile kavu ambayo Bwana Yesu aliitaja alipotoa mfano wa mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Hakuna aliyependa kuipita peke yake.

Kwa sababu hiyo walikwenda makundi makundi. Someni Luka 2:41–46. Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa siku nzima bila kumwona mtoto, wala hawakushtuka, wakidhani yumo msafarani. Ndipo wakaanza kumtafuta kwa jamaa na kwa wajuani wao. Hebu wazazi, lifikirini jambo hili. Mama gani wa leo atapanda basi asafiri tangu asubuhi mpaka jioni bila kujua mwanawe wa miaka 12 ameketi kiti gani? Lakini msafara ule ulikuwa kama kijiji kinachotembea. Mtoto wa mmoja alikuwa mtoto wa wote, kwa maana walikuwa wamezoeana njiani, mwaka kwa mwaka, wakila pamoja na kuimba pamoja.

Nazo nyimbo hizo za kupanda, ukizitazama sana, zimefanyizwa kwa ajili ya miguu. Nyingi ni fupi. Mara nyingi neno la mstari mmoja hushikwa tena na mstari unaofuata, kama mguu ufuatao mguu. Tena humo mnatajwa mambo ya watu wote: hofu ya usiku, kazi ya mkulima, mtoto mchanga kifuani kwa mamaye, ndugu wakaao pamoja. Mtu wa Galilaya na mtu wa Uyahudi hawakusema kwa matamshi mamoja. Mnakumbuka Petro alivyotambuliwa kwa usemi wake. Lakini waliweza kuimba zaburi moja.

Lakini hatupendi kuwadanganya kwa kusema kwamba kila safari na kila wimbo huunganisha watu. Zaburi ya 137 yatuonyesha upande wa pili. Watu wa Sayuni walisafiri pia, lakini walisafirishwa mateka. Nao waliowachukua wakawataka waimbe, wapate kujifurahisha. Mateka wakavitundika vinubi vyao wakanyamaza. Walikuwa na haki ya kunyamaza. Mtu akimwambia mgeni, "Tuimbie kidogo tucheke," hatafuti kumjua. Neno hili tutalirudia mbele.

Sasa tuje katika nchi yetu wenyewe. Kabla ya reli, mizigo yote iliyotoka Unyamwezi na pande za Ujiji mpaka Bagamoyo ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Mpagazi alichukua mzigo wa karibu frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, pamoja na chungu chake na mkeka wake, na safari ya kutoka Tabora hata pwani ilikuwa ya miezi miwili au mitatu. Mbele alikwenda kirangozi, na ngoma yake ilisikika tangu mbali. Wapagazi waliimba wakiondoka, wakaimba katika kupanda, wakaimba walipoona bahari. Hapana shaka waliimba kwa sababu mzigo ulikuwa mzito. Wimbo huwapa watu mwendo mmoja, na mwendo mmoja hupunguza taabu. Walimu wetu wanaowaongoza vijana kuchimba msingi wa kanisa wanalijua jambo hili bila kuambiwa.

Lakini walipokuwa wakiimba, kitu kingine kilikuwa kikitendeka. Mnyamwezi, Msukuma, Mmanyema na mtu wa pwani waliitikia pamoja, na Kiswahili kikaenda bara midomoni mwao, mbele ya shule yo yote. Ule utani tunaoujua mpaka leo kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani, kama Wazaramo, hutajwa na wengi kuwa matunda ya njia ile. Ni ajabu kweli: watu waliopitana njiani, mmoja akiuza maji na chakula na mwingine akipita na mzigo wake, wakaishia kuwa watani, wanaozikana na kutukanana misibani bila kukasirika! Wala tusisahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitwa na watumwa waliofungwa minyororo. Njia moja, mwendo mmoja. Lakini huyu aliimba na yule alilia. Njia peke yake haiwafanyi watu kuwa ndugu.

Kuna habari nyingine ya nchi yetu ambayo wachungaji wengi wa zamani hawakupenda kuisema, nayo ni habari ya beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya, katika miji kama Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, na jina lake latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Watu walivaa sare, wakapeana vyeo kama vya askari, wakaandamana kwa ngoma na tarumbeta wakishindana upande kwa upande. Vita ya 1914–1918 iliposomba maelfu ya askari na wapagazi huku na huku, beni ikaenda nao, hata vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vikaonekana mijini kote Tanganyika, vikavuka mpaka mpaka Nyasaland na machimbo ya shaba ya Northern Rhodesia, nchi ambazo sasa huitwa Malawi na Zambia. Serikali za wakoloni ziliviogopa. Misheni nyingi zilivikataza kwa sababu ya pombe, mikesha na majivuno.

Hatutaki kubishana na waliovikataza. Pombe na mikesha ilikuwako. Lakini tutazame kwa haki. Kijana aliyeshuka katika stesheni ya mji asioujua, hana ndugu wala mwenyeji, aliuliza tu, "Marini wako wapi?" au "Arinoti wako wapi?" Akapata mahali pa kulala. Akiugua, walimwuguza. Akifa, walichanga sanda wakamzika kwa heshima, mbali na kaburi la babaye. Vyama vile vilimpokea kwa sababu aliujua mdundo wao. Ikiwa ngoma ya mashindano iliweza kumfanyia mgeni hayo, usharika unaomwimbia Mungu umfanyie nini? Walimu, swali hili msiliruke mkifundisha somo hili. Wazee wengi wanazo habari za mambo haya kutoka kwa baba zao, waulizeni.

Sasa twendeni Ulaya, maana wengi wakisema "nyimbo zetu" wana maana ya nyimbo zilizotoka huko. Hudhani labda kwamba zilishuka kutoka mezani kwa wakubwa zikiwa zimekwisha kupokewa na watu wote. Sivyo. Tarehe 6 Mei 1524, katika mji wa Magdeburg, mzee mmoja maskini, mfuma nguo kwa kazi yake, alisimama sokoni karibu na sanamu ya Kaisari Otto, mkononi ana karatasi zenye nyimbo za Martin Luther. Aliziuza, naye akaziimba mwenyewe ili wanunuzi wapate kuijua tuni. Wapita njia wakasimama, wakajifunza, wakaimba naye. Mkuu wa mji aliyetoka katika ibada ya asubuhi akaona umati, akauliza ni nini. Akaambiwa, akaamuru mzee yule atiwe gerezani. Ndipo raia wakakusanyika wakaenda mpaka nyumba ya baraza wakidai afunguliwe, naye akafunguliwa. Karatasi zilikuwa mpya kabisa wakati ule; ni katika mwaka huo huo wa 1524 vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vilipigwa chapa, na cha kwanza kilikuwa na nyimbo nane tu. Kwa hiyo hata wimbo wa Luther ulikuwa wakati mmoja wimbo wa mgeni, uliosababisha kelele sokoni.

Luther mwenyewe alipokuwa mwanafunzi ugenini aliimba milangoni mwa watu pamoja na wenzake apate mkate, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi maskini wa siku zile. Mtu aliyekula kwa kuimba mlangoni pa asiowajua hawezi kuudharau wimbo wa mpita njia.

Habari nyingine ya Ulaya imetupendeza zaidi, nasi tutaieleza kwa urefu. Mwaka 1705, katika mji mdogo wa Arnstadt, palikuwa na kijana wa miaka 20, mpiga kinanda wa kanisa, jina lake Johann Sebastian Bach. Alisikia sifa za Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda mzee wa kanisa la Mariamu katika Lübeck, mji wa bandari kaskazini. Buxtehude naye hakuwa mzaliwa wa mji ule. Alitoka katika nchi zilizotawaliwa na mfalme wa Denmark, akaja Lübeck mwaka 1668. Katika mji huo wa wafanya biashara alikuwa akiongoza muziki wa jioni kanisani, gharama zake zikilipwa na matajiri, na watu waliingia bure.

Bach akaomba ruhusa ya majuma manne, akamwacha mwingine mahali pake, akaondoka kwa miguu. Mwendo ni wa kilomita 400 na kuzidi, si mfupi sana kuliko njia ya Dodoma mpaka Dar es Salaam, nao ulikuwa wakati wa majira ya baridi kuja. Alipofika akasikia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia. Majuma manne yakaisha, naye hakurudi. Alikaa mpaka ruhusa yake ikazidi karibu mara nne, akarudi mwanzo wa mwaka 1706. Wakuu wa kanisa wakamwita mbele yao mwezi wa Februari. Walimwuliza alikuwa wapi muda mrefu hivyo. Akajibu kwamba alikwenda Lübeck ili ajifunze mambo mbalimbali ya kazi yake, na kwamba alitumaini yule aliyemwacha alipiga kinanda vema hata pasiwe na lawama.

Bado walikuwa na neno jingine, na neno hili ndilo tulilolitafuta. Wakamlaumu ya kuwa sasa, akipiga tuni za nyimbo, hutia ndani yake sauti nyingi ngeni, hata usharika unafadhaika usijue uimbe namna gani.

Wapendwa, je, si maneno yale yale ya kwetu? "Sauti ngeni." "Usharika unafadhaika." Nasi tukisema kweli, wakuu wale hawakuwa wapumbavu. Usharika haukuja kumsikiliza kijana akionyesha aliyojifunza. Ulikuja kuimba, na mpiga kinanda anayewapoteza watu njiani hafanyi kazi aliyoajiriwa. Kwa hiyo twaweza kuwahurumia pande zote mbili. Lakini tazameni mwisho wake. Nyimbo za Kilutheri zilizopangwa na mtu yule kwa sauti nne huimbwa leo duniani kote, na wengi huzihesabu kuwa ndizo mfano wa wimbo wa kanisa ulio wa kawaida kabisa. Aliyeleta sauti ngeni kwa miguu amekuwa kipimo cha kuzipimia sauti ngeni za wengine!

Kutoka hapo turudi Afrika, kusini mwake. Enoch Sontonga alikuwa Mxhosa aliyezaliwa pande za mashariki za Rasi. Akasafiri kwenda karibu na Johannesburg kuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti. Mji ule ulikuwa mpya. Dhahabu ilikuwa imewavuta watu wa kila kabila, nao wakakutana humo bila kujuana. Huko, mwaka 1897, mwalimu huyu akatunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika, akawafundisha wanafunzi wake. Uliimbwa mara ya kwanza mbele ya watu wengi mwaka 1899, katika kubarikiwa kwa mchungaji mmoja wa Kimethodisti aliyekuwa Mtsonga. Ndugu, angalieni: wimbo kwa Kixhosa, katika ibada ya Mtsonga, katika mji usio wa kabila lo lote kati ya hayo. Wimbo ulizaliwa safarini.

Sontonga alikufa mwaka 1905, kijana bado, asijue wimbo wake utafika wapi. Kwaya moja ya Kizulu, ya shule ya Ohlange ya John Dube, ikauchukua ikautangaza. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein katika mkutano uliozaa chama cha ANC. Mwaka 1923 Solomon Plaatje aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Ukaenda kaskazini pamoja na wafanya kazi waliorudi makwao kutoka machimboni na walimu waliotoka shule za kusini. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, tuni ile ikawa wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo ikaichukua mwaka 1964 kwa maneno yake. Na Afrika Kusini imeuunganisha na mwingine tangu 1997. Mtanzania na Mzambia wakisimama pamoja hujuana kwa tuni kabla hawajajuana kwa majina. Na kila mtoto wa shule katika nchi yetu huusimamia kwa heshima, wala hakuna mzee wa kanisa tuliyemsikia akisema kwamba wimbo ule si wetu.

Habari ya mwisho ni ya kwetu Walutheri wa Tanzania, nayo yafaa kujulikana na kila mwalimu. Tuanze na taabu iliyokuwako. Katika Kiswahili mkazo wa neno huwa karibu sikuzote katika silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema "Bwana" tukikaza mwanzo wake, na "Mungu" vivyo hivyo. Mkazo ukihama, neno huweza kuharibika au kugeuka. Linganisheni "barabara" ya kupita magari na neno "barabara" la kusema sawasawa kabisa, ambalo hukazwa mahali pengine. Basi tuni nyingi za Ulaya huanza na sauti nyepesi, kisha nzito, kwa kuwa lugha zao ndivyo ziendavyo. Tafsiri ya Kiswahili ikitiwa humo, silabi nyepesi huangukia mahali pazito, nasi huimba "Bwana" kana kwamba uzito uko mwishoni. Tumezoea, hata hatusikii tena. Katika lugha zetu za nyumbani ambazo sauti ya juu na ya chini hubadili maana, kama Kihaya, taabu ni kubwa zaidi, maana tuni hulivuta neno juu mahali lipasapo kushuka. Babu zetu waliziimba hivyo hivyo kwa upendo, na kwa upendo huo zimekuwa zetu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halijasemwa bado kwa sauti yetu.

Misheni ya Bethel ilifika Bukoba mwaka 1910. Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja Mhaya, Bernard Kyamanywa, alikuwa katika chuo cha theolojia cha Makumira karibu na Arusha, mbali sana na kwao, pamoja na vijana waliotoka kila upande wa nchi. Mwalimu mmoja Mmarekani wa chuo hicho, Howard S. Olson, alikuwa akikusanya tuni za makabila yetu pamoja na wanafunzi wake, zitumike kanisani. Mkusanyo wake wajulikana kwa jina la "Tumshangilie Mungu". Kyamanywa akatunga wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili juu ya tuni ya Kihaya, nao waitwa "Mfurahini, Haleluya". Mnaujua. Maneno yake yanasimulia habari za kaburi na malaika kwa ufupi, na kiitikio chake ni chepesi hata mtoto hukishika mara moja.

Kisha wimbo ukaanza safari. Mwaka 1969 Ulrich Leupold, aliyezaliwa Ujerumani akahamia Kanada akawa mwalimu wa theolojia huko, aliutia katika Kijerumani. Kwa Kiingereza ulitafsiriwa na Olson mwenyewe, ukatoka mwaka 1977. Na makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yalipotoa kitabu chao kipya cha nyimbo kuanzia mwaka 1993, uliwekwa humo ukawa namba 116, katikati ya nyimbo za Pasaka, pamoja na nyimbo za Luther. Kwa hiyo bibi kizee wa Ujerumani anayekwenda kanisani siku ya Pasaka huimba tuni ya Buhaya, na pengine hajui Buhaya ni wapi. Kama vile bibi wa Buhaya aliyeimba tuni za Ujerumani miaka mingi asijue zilitoka mji gani. Sasa kila upande una mzigo wa mwenzake. Wageni wa sharika za huko wanapofika kwetu, nao huja kila mwaka, mara nyingi hatuna lugha moja. Lakini ukianzishwa wimbo huu, hufungua vinywa. Ni maongezi mafupi, ndiyo, wala hayatoshi. Baada yake ni lazima watu waketi, wale, waulizane habari za wazazi na za kazi. Wimbo ni mlango, na mtu hakai mlangoni.

Basi walimu na wazee wa kanisa watatuuliza: tufanye nini Jumapili ijayo? Tutasema machache tuyajuayo.

Mgeni akija na wimbo, asipewe nafasi ya kuonyesha tu, usharika ukiwa umeketi kumtazama. Hapo ndipo neno la Zaburi ya 137 hutuhusu. Mwambieni awafundishe. Mtu anayefundisha ni mwenyeji kwa nusu saa, na mwanafunzi wake huonja kidogo kuwa mgeni, akitamka vibaya na kuchekwa kwa upole. Na hiyo ni faida kubwa, hasa kwa sisi tuliozoea kusahihisha wengine. Afundishe kwanza kwa lugha ya kwao, ikiwa wimbo ni wa lugha ya kwao, kisha aeleze maana neno kwa neno. Wala msikimbilie kuutafsiri. Maneno mawili matatu ya Kinyakyusa au Kiiraqw hayatamwumiza Mchaga.

Kumbukeni pia lawama ya Arnstadt. Usharika usifadhaishwe. Wimbo mmoja mgeni kwa mwezi watosha, tena urudiwe Jumapili nne mpaka bibi wa kiti cha nyuma aushike. Kwaya zipendazo kuleta nyimbo sita mpya siku moja hujifurahisha zenyewe, na watu hurudi nyumbani hawana hata mmoja. Tena ngoma na kayamba, mahali ambapo wazee bado wana shaka navyo, viulizwe kwanza kwa saburi, wala vijana wasiviingize kwa hila; mzee aliyeulizwa mara nyingi hukubali, na mzee aliyeshtukizwa hukataa miaka 10.

Kwaya zinaposafiri, msipange safari ya kwenda, kuimba na kurudi siku ile ile, kana kwamba mnapeleka mzigo sokoni. Laleni huko. Waimbaji wagawanywe katika nyumba za watu, wawili wawili, wasilale wote darasani. Tumeona kwamba mambo yanayokumbukwa baada ya miaka mingi hutendeka jioni hiyo jikoni, wakati mgeni anapomenya ndizi pamoja na mwenye nyumba na kuanza, bila kuombwa, ule wimbo wa alasiri.

Na mwalimu anayetaka kuanza na "Mfurahini, Haleluya", akijua kwamba usharika wake tayari unauimba, awaulize tu ni wangapi wanaojua umetoka wapi. Kisha amtafute Mhaya, maana katika miji yetu hakosekani, amsimamishe mbele ausimulie, tena auanzishe yeye kwa mwendo wa kwao, na kinanda kinyamaze mpaka kiitikio cha pili.